Unga Chini ya Bakuli

Gunia lilitoka shimoni mbele ya wanahisa wote, tena siku ambayo kila mmoja alikuwa amevaa nguo yake nzuri kuliko zote.

Ilikuwa siku ya ugeni. Wataalamu wa mazingira walikuja kwa mara ya pili kukagua mgodi wa zamani wa dhahabu ulioko nyuma ya Lisekese, ule ambao watu wa Masasi wanauita Kwa Mzungu. Wanahisa wa mgodi huo si matajiri: wakulima wa korosho, wenye viduka, mwalimu mstaafu. Walikuwa wamengoja cheti cha mazingira miaka miwili, na bila cheti hicho huruhusiwi hata kuinua sururu. Siku hiyo walipika pilau na kuazima viti vya plastiki.

Bi Zuhra, mkuu wa wataalamu, alisogea kwenye mdomo wa shimo kuchota maji ya kupima. Akaona kamba imefungwa kwenye nguzo ya zamani.

"Hii kamba ya nini?"

Vijana wake wakaivuta. Likaja gunia la korosho, jepesi, limeshonwa mdomo. Wakakata uzi. Ndani mlikuwa na shuka jeupe, jipya, na ndani ya shuka fuvu la mtu na mifupa yake.

Pilau lile halikuliwa.

Inspekta Winfrida Nandonde wa upelelezi alifika na msaidizi wake, Koplo Kulwa. Aliwapanga wanahisa mstari mmoja chini ya jua.

"Nani alifunga kamba hii?"

Winfrida akapita mbele yao.

"Nani alikuja hapa mara ya mwisho?"

Mwenyekiti wao, Sadallah Bwanali, muuza magunia na mbegu pale mjini, akakohoa. "Afande, shimo hili halina mlango. Kila mtu anakuja."

"Sijauliza habari ya mlango."

"Basi sijui."

Kilichomsumbua Winfrida ni kwamba watu hawa hawakuonekana kuogopa. Mtu mwoga humwangalia askari mikononi. Hawa, wazee kwa vijana, walikuwa wanaangalia viatu vyao, kama wanafunzi waliofumaniwa na karatasi ya majibu.

Bi Zuhra alifunga sanduku la vyombo vyake. "Afande, mpaka nijue huyu ni nani na amefikaje humu, sitii saini popote."

Mtu mmoja kwenye mstari akaguna kwa uchungu. Winfrida alimtafuta kwa macho, hakumpata.

Gunia lilikuwa na herufi mbili za rangi nyekundu: S.B. Hapo Winfrida akafanya kosa, na kosa lenyewe alilifanya kwa haraka. Jioni ile ile aliingia dukani kwa Sadallah, wateja wamejaa, akamtia pingu.

"Nina gunia lenye jina lako na mtu ndani yake."

"Magunia yangu yako Masasi nzima! Wanahisa wote niliwaazima msimu huu."

"Basi niambie, ulikijua kilichomo?"

"Sikukijua."

"Mbona ulikuwa unaangalia chini?"

Sadallah akageukia mlangoni. Wateja walirudi nyuma kumpisha, na mmoja akarudisha mbegu alizokuwa amezishika.

Asubuhi daktari wa hospitali alimpa Winfrida jibu ambalo hakulitarajia.

"Mwanamke, mzee. Amekufa miaka hamsini iliyopita, labda zaidi. Hakupigwa, hakukatwa. Meno ya mbele yamechongwa. Na hii ilikuwa pamoja naye."

Akamwekea mezani kipande cha mpingo cha mviringo. Winfrida alikitambua kabla hajakigusa. Ilikuwa ndonya, waliyovaa bibi zetu kwenye mdomo wa juu. Bibi yake mwenyewe kule Mnyambe alizikwa nayo.

"Kumbe si mauaji," Kulwa akapumua.

"Ni kufukua kaburi. Nalo ni kosa la jinai." Winfrida alikuwa ameinama juu ya mifupa. "Angalia, Kulwa. Vidole vyote vipo, vya mikono na vya miguu. Aliyemtoa alichekecha udongo kwa mikono yake. Mwizi gani anafanya hivyo?"

Walirudi Kwa Mzungu kulitafuta kaburi. Kulwa ndiye aliyelipata, nyuma ya mgodi, kwenye mikorosho. Majani makavu yalikuwa yametandazwa vizuri mno, na chini yake udongo ulikuwa laini. Mawe ya kaburi yalitupwa kichakani.

"Huku kwenu mnatandika hadi porini, afande?" Kulwa alitania. Yeye ni Msukuma, na kumtania mkubwa wake ndiyo chai yake ya asubuhi.

Winfrida hakucheka. Kwenye shina la mkorosho uliokuwa upande wa kichwa cha kaburi, chini ya majani, palifunikwa bakuli la bati lenye maua ya bluu. Alichuchumaa, akalifunua taratibu.

Unga.

Akasimama na bakuli mkononi.

"Kuna nini, afande?"

"Kwetu hugusi maiti wala kaburi kabla hujamwomba mwenyewe. Jioni unamimina unga kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka uchongoke juu. Unamwita marehemu kwa jina, unamweleza shida yako, unafunika. Asubuhi unafunua. Ukikuta umesimama, amekubali."

Kulwa aliuangalia ule unga. Ulikuwa umemeguka, umelala upande mmoja, na sisimizi walishaanza kubeba.

"Na huu?"

"Amekataa."

"Akafukua hivyo hivyo?"

"Akafukua hivyo hivyo. Halafu akaufunika tena, akaogopa hata kulichukua bakuli lake."

"Sasa unga huu anaweka mtu yeyote?"

Swali hilo lilimchoma Winfrida. Unga haumwagwi na mtu yeyote tu. Humwagwa na ndugu wa damu, wa upande wa mama. Na bibi zake Sadallah wote wamelala makaburi ya Waislamu pale mjini, kila mtu anajua. Mzee wa watu amelala chini sakafuni usiku kucha kwa herufi mbili za rangi!

Alimfungulia Sadallah mlango wa mahabusu kwa mkono wake mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimekukosea. Naomba unisamehe."

"Umenifunga pingu mbele ya wateja wangu, mwanangu."

"Najua. Sina la kujitetea."

Sadallah alivaa viatu polepole. Huenda lile ombi la msamaha lilimlegeza, maana alibaki amekaa pale kwenye benchi.

"Na mimi si msafi," akasema. "Kaburi tulikuwa tunalijua. Wataalamu walipokuja mara ya kwanza walituuliza, eneo hili lina makaburi? Tukasema hakuna. Sote, kwa mdomo mmoja. Tuliogopa cheti kitakwama."

"Ndiyo maana mlikuwa mnaangalia viatu."

"Ndiyo maana. Lakini nani alilifukua, wallahi sijui."

"Kaburi la nani?"

"Mawe tu yale. Katibu wetu ndiye aliyesema ni la kale, halina mwenyewe. Mwalimu Fortunatus. Yeye ndiye msomi wetu, nani angembishia?"

Winfrida alimjua kwa sifa. Mwalimu Fortunatus alifundisha nusu ya Masasi kusoma. Kanisani ndiye aliyekuwa akiwakemea watu wanaomwagia mizimu unga, akiwaambia unga ni wa kupika ugali.

Mchana aliwaita wanahisa barazani kwa Sadallah. Akaweka lile bakuli katikati ya meza.

Mke wa mwalimu, Mama Paulina, aliyefuatana na mumewe, ndiye aliyeruka wa kwanza.

"Hee! Bakuli langu hili! Nimelitafuta mpaka nimegombeza wajukuu bure! Mmelipata wa..."

Alikuwa amemgeukia mumewe. Akauona uso wake.

"Aa, hapana," akasema, na sauti ikawa ndogo kabisa. "Nimefananisha. Mabakuli kama haya yapo mengi sokoni."

Winfrida alitamani ushahidi ule ungetoka kinywa kingine chochote.

"Kaa, mama," akamwambia kwa upole. Kisha akavuta kiti mbele ya mwalimu. "Mwalimu, marehemu ni nani wako?"

Fortunatus alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Bibi yangu, mzaa mama. Anaitwa Isabela, wa kijiji cha Chilangala kule juu. Alishuka huku kutafuta shamba lenye maji, akafia huku. Mama alinionyesha kaburi lake nikiwa mdogo."

"Ukawaambia wenzako halina mwenyewe."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilipokwenda shule ya misheni, wenzangu waliwacheka vikongwe wenye ndonya na meno ya kuchongwa. Nami nikacheka nao. Tangu siku ile sikumtaja tena. Hata mke wangu hajui."

Mama Paulina alijifunika kanga usoni.

"Unalijua kaburi, unalikana. Sawa. Kulifukua ilikuwaje?"

"Afande, watu hawa waliingia kwenye mgodi kwa sababu yangu. Hawakuamini dhahabu, waliniamini mimi. Kuna walioachia mikorosho yao ili wapate hisa. Mwaka wa kwanza walikuwa wananiuliza, mwalimu, cheti vipi? Mwaka wa pili wakaacha kuuliza. Wakawa wakiniona wanavuka barabara. Watoto niliowashika mkono kuandika herufi a, leo watu wazima, wananipita bila shikamoo." "Hujui inavyouma, afande. Ningeweza kulala njaa. Lile sikuliweza."

"Endelea."

"Nikasikia safari hii Bi Zuhra atatembea eneo lote. Ataliona kaburi, atajua tumedanganya, cheti kimekufa. Tena atauliza ni la nani, na mimi ndiye ninayejua. Nikasema nimtoe, nimpandishe Chilangala nikamzike kwao. Nilipomshika mikononi nikajiuliza, wajomba wakiniuliza nitawaambia nini? Nikamwambia angoje kidogo, cheti kitoke."

"Ukamtundika shimoni."

"Nilifunga kamba fupi. Sikutaka alowe maji."

Mtu mmoja pembeni alianza kulia. Winfrida hakugeuka.

"Nilipomfunga pingu Mzee Sadallah, ulikuwa wapi?"

"Dukani kwake. Nilikuwa nyuma ya wateja."

"Ukafanya nini?"

"Nilirudisha mbegu, nikaondoka."

Sadallah alimwangalia rafiki yake wa miaka mingi kwa muda mrefu, kisha akageukia ukutani.

"Nimezungumza na Bi Zuhra leo asubuhi," Winfrida akasema, safari hii kwa wote. "Nilimuuliza kaburi linazuia cheti? Akashangaa. Amesema mngelitaja tu, lingezungushiwa uzio na mpaka wa mgodi ungesogezwa kidogo. Yapo machimbo mengi yenye makaburi ndani."

Mzee mmoja akauliza, "Na sasa?"

"Sasa mtaanza upya. Si kwa sababu ya kaburi. Kwa sababu ya uongo."

Hakuna aliyemlaani mwalimu. Wangemlaani vipi? Kila mmoja alikuwa na neno lake "hakuna" la siku ile. Ingekuwa heri wangepiga kelele.

Winfrida alichukua bakuli. Kisheria kesi yake ilikuwa imekamilika, lakini alibakiza swali moja, na hakuwa na hakika kama anauliza kama askari au kama mtoto wa Mnyambe.

"Mwalimu, asubuhi ulipofunua, unga ulikuwaje?"

Fortunatus alitikisa kichwa. "Mimi siamini mambo yale, afande."

"Lakini uliumwaga."

"Nilishindwa kuchimba bila kumwaga. Mikono ilikataa."

"Ulikuwaje?"

Alimtazama mkewe, akawatazama watu aliokuwa akiwahubiria.

"Nilijiambia ni panya. Nilijiambia ni upepo, wakati bakuli lilikuwa limefunikwa." Machozi yakaanza kumshuka, hakuyafuta. "Ulikuwa umeanguka, afande. Bibi alinikatalia. Nilimsikia kabisa, nikamchimba."

Alinyoosha mikono afungwe. Winfrida akaisukuma chini.

"Twende tu, mwalimu. Pingu nilishazitumia vibaya mara moja."

Mama Paulina aliinuka, akamfunga mumewe kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka, kisha akarudi kukaa bila kumwangalia.

Walitoka kwa miguu kuelekea garini, Kulwa mbele, mwalimu katikati, kama watu wanaokwenda zao kikaoni. Barabarani mambo yalikuwa yale yale ya kila siku, bodaboda na wachuuzi, habari bado haijawafikia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga mafungu ya mihogo alimwona mwalimu akipita na askari wawili. Huenda alidhani cheti kimetoka na wakubwa wamekuja kumchukua kwa heshima. Alifuta mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu!"

Fortunatus alisimama. Alifungua mdomo, lakini neno halikutoka. Mwanamke alingoja, goti lake bado limekunjwa, tabasamu likianza kumpotea.

"Marahaba, mama," Winfrida akaitikia badala yake, akamfungulia mwalimu mlango wa gari.