Abiria Asiyeshuka

Moshi ulianza Jumatatu, wa bluu, ukinuka nywele zilizoungua.

Fundi hakushtuka. Pikipiki kuukuu ikitoa moshi wa bluu ujue inakula oili, basi. Na hii ilikuwa kuukuu kwelikweli, mali ya mdogo wake wa kike, mkunga, aliyeipanda kila siku kwenda kuzalisha kina mama majumbani. Jambo lililomsumbua ni klachi.

"Kaka, naibana mpaka mwisho, nayo bado inakwenda," mkunga alimwambia. "Leo imenipeleka mpaka ukingoni mwa shimo la kokoto. Imezimika yenyewe, imebaki hatua moja tu."

"Waya umelegea huo. Mikono yako imezoea watoto wachanga, haiwezi chuma."

Mkunga hakucheka.

Fundi akabadilisha waya. Moshi haukupungua, wala klachi haikupona. Alhamisi adhuhuri akailaza pikipiki ubavu, ujanja wake wa siku zote ili oili isimwagike, akafungua kifuniko cha klachi. Sahani zote zilikuwa nzima. Lakini kati ya sahani na sahani palikuwa na nywele ndefu, zimelowa oili, zimezungushwa vizuri kama uzi kwenye bobini. Akavuta moja. Ikaja, ikaendelea kuja, mpaka ikamfika magotini, na mwisho wake hakuuona.

Akaiachia. Aliogopa, na aliogopa zaidi kwa sababu alijua oili ile imetoka wapi.

Fundi huyu alikuwa na mkono wa birika. Oili chafu ya wateja hakuimwaga. Aliichuja kwa kitambaa mara mbili, akaitia kwenye dumu lake, na dumu hilo lilikuwa dawa ya kila kitu: minyororo, bawaba za milango, hata cherehani ya mama yake. Wiki mbili nyuma, mjane mmoja alimletea pikipiki ya marehemu mumewe aifumue. Mume alitumbukia nayo shimo la kokoto mchana kweupe.

"Vyuma chukua," mjane alimwambia, "ila oili yake ichimbie, fundi. Mume wangu alikuwa na abiria asiyeshuka."

Alipoondoka, fundi alicheka peke yake. Oili ilikuwa nzito bado, nzuri. Ikaingia dumuni, na kutoka dumuni ikaingia kwenye injini ya mdogo wake. Akamwambia ni mpya.

Sasa alirudisha kifuniko haraka, kwa skrubu mbili tu, ili asizione tena zile nywele. Akaisimamisha pikipiki, akaenda nyuma ya karakana kumpigia simu mjane. Alipokuwa anamsihi aje, akasikia injini ikiwaka.

Alitoka mbio. Mkunga alikuwa ameshapanda, mkoba begani.

"Nimeitwa, chupa imeshapasuka," akasema. Kisha sauti ikamfifia. "Kaka. Kuna aliyenishika kiuno."

Springi za nyuma zilikuwa zimebonyea mpaka mwisho, na mkunga alikuwa mwembamba.

"Shuka!"

"Siwezi. Ameweka mkono juu ya wangu."

Pikipiki ikaondoka taratibu, kama isiyo na haraka, ikaishika njia ya shimo la kokoto, na fundi akakimbia ubavuni mwake, akazima ufunguo, haikuzimika, akang'oa waya wa plagi, injini ikaendelea kudunda bila moto, na moshi ule wa nywele ukamjaa kooni, na kila alipounyoosha mkono kumvuta mdogo wake uligonga kitu juu ya kiti kitupu cha nyuma, goti, goti lililolowa, la baridi, mpaka ukingo ukaonekana mbele yao na fundi akapiga kelele huku akilia, "Oili ni ya marehemu! Nilikudanganya, mdogo wangu!" na papo hapo akakumbuka zile skrubu mbili, akakipiga kifuniko teke kwa nguvu zake zote.

Kikaruka. Oili ikamwagika, nyeusi, na injini ikakata. Mkunga akaangukia upande wa njia.

Alinyanyuka, akaokota mkoba. "Ulisema mpya," akasema. Akaenda kwa miguu kumzalisha yule mama aliyemwita.

Mjane alifika na jembe. Wakachimba shimo jipya, wakatia humo udongo wote uliolowa, wakamimina na dumu zima, mjane akanong'ona maneno yake na kufukia.

"Ndiyo oili yote?" akauliza.

"Ndiyo yote," fundi akajibu, na aliamini.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Mlango ulifunguka bila kulia. Ndani palinuka nywele zilizoungua, na cherehani ilikuwa ikienda, polepole, tik, tik.

"Mwanangu," mama yake akaita kwa sauti ndogo, "njoo, lakini usikimbie."

Miguu yake ilikuwa juu ya kiti, mbali na kanyagio. Mikono ilikuwa imelala juu ya kitambaa, na kitambaa kilikuwa kinasogea.

"Nataka kuitoa mikono yangu," akanong'ona. "Kuna mikono mingine juu yake."