Gari Lililoshiba Bila Stima

Stima ilikuwa imepotea Mitaboni tangu transfoma ilipolipuka, lakini gari la Titus lilizidi kushiba. Mkewe, Mwongeli, ndiye aliyegundua. Aliingia stoo ya kahawa kuchukua ungo, akaona taa ya dashibodi inawaka: chaji imejaa pomoni. Na mle ndani, katika boma la Wakatoliki, mlinukia udi.

Gari lilikuwa jekundu, la viti viwili, mojawapo ya magari ya spoti ya kwanza kutumia umeme. Titus aliyasaka na kuwauzia matajiri wanaoyakusanya, watu wasioyaendesha hata kwenda sokoni. Hao hutaka kila kitu kiwe cha asili, betri kwanza. Na betri hizo za zamani zikiisha chaji kabisa hufa, gari likabaki bati tu.

"Si ni bahati?" Titus alisema. "Yule dalali, Rodgers, analeta mnunuzi. Wewe nyamaza."

Mlangoni mwa stoo ndipo Kasyoki, mamake Titus, alipozoea kukaa kwenye kigoda akipukuchua mbaazi. Wiki ile mikono yake ilianza kutetemeka, mashavu yakabonyea. Kila jioni alikuwa mwepesi zaidi, na kila jioni gari lilishusha pumzi, fuuu, kama mtu aliyetoka kula.

Mwongeli akamwita Ndambuki, mganga wa Kithyoko. Mganga hakuvuka hata kizingiti.

"Hii ni jini," alinong'ona. "Imekuja na gari. Ilikuwa inakula stima. Sasa stima hakuna, inakula mtu mwenye anakaa karibu. Msimkalishe mtu hapa tena. Wacheni hiyo betri ikufe, itaenda yenyewe."

"Betri ikikufa, nani atanunua?" Titus akauliza.

"Na mama yako je?" Mwongeli akadakia.

"Mama ni mzee. Wazee huchoka."

Mwongeli alimbeba mama mkwe hadi nyumba kubwa. "Mwaitu, mama yangu, usitoke hapa," akamsihi, kisha akaenda kuteka maji. Aliporudi, mtungi ungali mgongoni, alimwona Kasyoki palepale kwenye kigoda, kidevu kifuani, mbaazi zimemwagika miguuni, na harufu ya udi ilikuwa nzito hata akaionja kooni, na ndani ya stoo gari lilikuwa likipumua polepole, bila haraka, mpaka likanyamaza.

"Nilimtoa aote jua," Titus alisema bila kumtazama.

Jua halikuwa limetoka kutwa nzima.

Kwenye mazishi Titus alilia kwa sauti, wakamsifu kwa kumpenda mamake. Mwongeli alitamani kumtemea mate. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Kasyoki kilitoka tumboni mwake.

Transfoma haikuwa imetengenezwa. Siku iliyofuata Rodgers alipiga simu: mnunuzi angefika kesho yake. Titus akakimbilia stoo. Chaji ilikuwa imeshuka, inakaribia kwisha.

Kisha akakichukua kigoda cha mamake, akakipangusa kwa mkono wa shati, akakiweka mlangoni, na kando yake ungo wa mbaazi.

"Mwongeli," aliita, kwa sauti ya upole ambayo hakuwa ameitumia tangu uchumba wao. "Njoo ukae hapa kidogo, mpenzi. Ni mpaka kesho tu."