Filamu Iliyoanikwa Kwamhuza

Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1975, saa mbili kasoro robo asubuhi, wa kwanza kuiona filamu alikuwa mbuzi. Wa pili alikuwa mwenye mbuzi, Mzee Mhina, katibu wa kijiji cha ujamaa cha Kwamhuza, nyuma ya Kang'ata. Alikwenda kumfukuza mbuzi wake kwenye kichanja cha makopa, akakuta juu ya mihogo utepe mweusi umelazwa kwenda na kurudi, kichanja kizima, unameta juani. Chini yake mkebe wa bati ulikuwa wazi. Mzee Mhina alipiga ukelele uliosikika hadi shamba la ujamaa.

Sajini Yordani alifika kwa baiskeli saa tatu na dakika kumi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tisa, mwembamba, mwenye ugonjwa mmoja asiousema: kijana aliyemfundisha mwenyewe kupiga saluti sasa alikuwa inspekta Tanga, na yeye bado alikuwa juu ya baiskeli. Kwa hiyo wivu aliujua vizuri. Aliweza kuunusa kwa wengine kabla hajavua kofia, na hapa Kwamhuza aliunusa kila upande.

"Filamu ya nani?" aliuliza.

"Ya kijiji, afande," alisema Mzee Mhina. "Ila aliyeipiga ni Mwaija, mke wa Mbwana."

Katibu akaeleza. Mwaka uliotangulia mkoa ulikopesha vijiji vitatu kamera za sinema, ili wananchi wapige picha za maisha yao wenyewe, wasingoje watu wa Dar es Salaam waje na magari. Kwamhuza ilipata moja. Mwaija akafundishwa Korogwe, akarudi, akapiga filamu ya dakika kumi na moja kuhusu wanakijiji walivyochimba lambo. Leo saa kumi na moja jioni, Korogwe, kamati ingeitazama na kuamua kama kamera ibaki kijijini au irudishwe.

"Waraka wa mkoa unasema kamera itabaki penye filamu ya kuonyesha," Mzee Mhina alimalizia, "na penye watu wasiopungua wawili wanaojua kuitumia. Kuhusu mtu wa pili, Mwaija alituambia tumwachie, atamfundisha mwenyewe. Sasa hata filamu hatuna. Afande, watoto wa kijiji hiki wamejiona kwenye kitambaa cha sinema mara moja tu, siku ya majaribio. Walilia kwa furaha. Ikiondoka hiyo kamera hairudi."

Yordani alikwenda kichanjani. Mwaija alikuwa amesimama pale, mwanamke mrefu wa miaka ishirini na sita, macho makavu, amefunga mikono kifuani. Kando yake wifi yake Tatu, dada yake Mbwana, alikuwa amemshika bega.

"Pole, wifi," Tatu alikuwa akisema. "Jua likishaiona ndio basi tena. Imekufa."

Mwaija hakujibu kitu.

Sajini aliinama. Filamu haikuwa imekatika popote. Kila baada ya hatua moja iliwekewa kokoto pembeni, upepo usiibebe. Aliinua kipande, akakitazama dhidi ya mwanga. Hapakuwa na alama ya kidole katikati, hata moja. Hatua tano kutoka pale palikuwa na jiko la kuchomea mihogo, na makaa yake bado yalikuwa mekundu. Aliandika yote hayo kwenye daftari lake, akapiga mstari chini ya neno *makaa*.

Wa kwanza kuitwa ofisini alikuwa Mbwana, kwa sababu kila mtu alimtaja. Kijiji kizima kilimsikia akisema kwamba siku sinema ya mkewe ikionyeshwa Korogwe, ndoa yake imekwisha.

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema, afande. Sifichi." Mbwana alikuwa na kifua kipana na sauti isiyojua kunong'ona. "Mke wangu anapanda gari la sinema na yule dereva, Lukasi, siku mbili siku tatu. Nikimuuliza ananijibu habari za lenzi. Wewe ungelala?"

"Leo kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili ulikuwa wapi?"

"Shamba la ujamaa, kama watu wote. Kengele ikishagongwa jina lako linaitwa. Usipoitika, jioni unasemwa mkutanoni mbele ya wakweo. Nilikuwa mstari wa tatu, muulize Athuman, alikuwa ananikanyagia matuta."

Athuman na wengine saba walithibitisha. Asubuhi ile hakuna aliyekosekana shambani ila waliokuwa na ruhusa: Mzee Mhina kwa umri wake, Mwaija kwa safari, na mwenye zamu ya kufagia ofisi. Orodha ya zamu ilibandikwa ukutani, lakini Yordani hakuitazama bado. Aliangalia mikono ya Mbwana, mipana, imejaa udongo, akafikiri namna ambavyo ingeshika utepe ule bila kuuchafua. Alimwambia aende.

Wa pili alikuwa Lukasi, dereva wa gari la sinema, mtu wa Makuyuni aliyezaliwa kambi ya mkonge. Aliingia akitabasamu, na hilo lilimuudhi sajini.

"Watu wanalia, wewe unacheka nini?"

"Samahani, afande. Saa kumi na mbili na nusu niliuona mkebe mezani hapa ofisini, filamu imo ndani. Nikaenda lamboni kuchota maji ya rejeta. Niliporudi ilikuwa saa mbili, makelele yameshaanza."

"Nimeambiwa uliomba kamera mara mbili ukanyimwa."

Tabasamu likamtoka. "Mara tatu. Miaka tisa nabeba sinema za watu, natandika kitambaa, nawasha jenereta. Nikaambiwa wewe ni dereva, endesha. Halafu kamera akapewa mtu ambaye hajawahi kushika hata redio. Wivu ninao, afande, nisikudanganye. Ila ningetaka kuiua filamu ile ningeitia kwenye makaa."

"Si imekufa tayari?"

"Nani kasema? Filamu mbichi ndiyo inayokufa kwa mwanga. Hii imekwenda Dar, imesafishwa, imerudi. Mimi kila nikiionyesha naipitishia taa kali, ndiyo watu waione. Jua halina la kuifanya. Tukiifuta vumbi inaonyeshwa leo leo."

Yordani aliweka kalamu chini. "Umemwambia nani?"

"Hakuna aliyeniuliza. Wote wananiona mwizi."

"Basi usimwambie mtu. Sasa nijibu: mafunzo ya Korogwe, kutoka kijiji hiki walikwenda nani?"

"Wiki ya kwanza walikwenda wawili, Mwaija na Tatu. Walijifunza kuingiza filamu kwenye kamera, mikono ndani ya mfuko mweusi, mwanga usipenye. Tatu alikuwa hodari sana, mwalimu alimpigia makofi. Wiki ya pili, mwezi wa tisa, ndipo walipoonyeshwa filamu iliyosafishwa. Alikuja Mwaija peke yake."

"Kwa nini?"

"Hata mimi nilishangaa. Mwalimu alimwandikia kila mmoja barua. Zote mbili nilimkabidhi Mwaija mkononi, stendi ya Handeni. Jana nilipofika hapa nikamtania Tatu, mbona ulitudharau, barua ulipata? Akaniuliza, barua gani? Nikamwambia ya mwezi wa tisa. Akaenda zake, hakuniaga."

Sajini aliyaandika yote hayo. Kisha akainuka, akaisoma orodha ya zamu ukutani.

Saa nne na nusu aliwaita wote ofisini: Mzee Mhina, Mbwana, Lukasi, Mwaija na Tatu. Juu ya meza palikuwa na filamu, Lukasi ameizungusha upya kwenye duara lake.

"Nina habari moja," alisema Yordani. "Filamu ni nzima."

Mzee Mhina alisema Alhamdulillahi. Mbwana akaachama. Tatu hakuitazama filamu hata kidogo. Aligeuka akamtazama Mwaija, na Mwaija alikuwa akitazama sakafu.

"Mama Mwaija," sajini alisema, "wewe ulilijua hilo tangu saa mbili. Ulisoma Korogwe wiki mbili. Wifi yako alikwambia jua limeiua, ukanyamaza. Mwenye filamu anajua mtoto wake mzima, anawaacha watu wakae matanga. Kwa nini?"

Mwaija aliukaza mkanda wa mkoba wa kamera begani.

"Basi nitasema mimi. Aliyeichukua hii ameishika kingo tu, hakuweka kidole katikati. Hivyo hushika aliyefundishwa. Makaa yalikuwa hatua tano, hakuyatumia, kwa sababu aliamini jua linatosha. Lukasi asingeamini hivyo. Mwaija asingeamini hivyo. Mbwana na wenzake hawajui hata kama mwanga una neno na filamu. Ni mtu aliyefundishwa wiki ya kwanza, ya pili hakufika. Na zamu ya kufagia ofisi leo, jina lililoandikwa hapa ni Tatu binti Salehe."

Mbwana alimkodolea dada yake macho. "Tatu? Wewe?"

"Mimi," alisema Tatu. Hakulia. Alikuwa mdogo wa umbo, miaka ishirini na mitatu, na sauti yake ilitoka taratibu kana kwamba ameipanga. "Nilifagia, nikauona mkebe. Nilitaka kuichoma, kweli. Sikuweza kutia moto kitu nilichofundishwa kukishika vile. Nikasema jua liitwae tu, polepole, kama mimi nilivyokaa mwaka mzima naangalia."

"Unaangalia nini?" aliuliza Mzee Mhina.

"Yeye! Anapita na kamera begani, watoto nyuma. Wageni wakija wanamuuliza yeye. Mimi nampikia, namshikia mtoto, aende kupiga picha. Nikajiambia mwalimu hakunitaka, basi, sina bahati. Nikameza. Jana naambiwa niliitwa." Alimgeukia Mwaija. "Wifi, barua yangu iko wapi?"

Yordani alikuwa na swali hilohilo daftarini, lakini aliona halimhusu yeye kuuliza.

Mwaija alifungua mkoba wa kamera aliokuwa nao begani. Akatia mkono chini kabisa, chini ya kitambaa cha kufutia lenzi, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne. Haikuwa imefunguliwa.

"Sikuisoma," alisema. "Sikuichana pia. Kila siku nilisema kesho nitampa."

"Ila hukunipa."

"Ulikuwa unaingiza filamu kwa hesabu ya kumi, Tatu. Mimi mpaka ishirini na tano, na jasho juu. Mwalimu anakupigia makofi, mimi nimekaa kama mzigo. Kamera ni moja. Nilijua ukirudi wiki ya pili, kamera itakuwa yako." Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Leo nilipoiona kichanjani nilijua palepale ni wewe, na nikajua umejua habari ya barua. Ningesema jua haliidhuru, wangeuliza ni nani asiyejua hilo, na kwa nini hajui. Nikanyamaza."

"Kwa hiyo," alisema Lukasi polepole, "angempa barua, Tatu angejifunza kwamba jua haliui filamu iliyosafishwa."

"Na leo angetumia makaa," alisema sajini. "Au asingetumia kitu, kwa kuwa asingekuwa na sababu."

Mbwana alijishika kichwa. "Na mimi nagombana na dereva bure."

"Afande," alisema Mzee Mhina kwa hofu, "utamkamata binti huyu?"

Yordani alilitazama daftari lake. Alimkumbuka yule inspekta wa Tanga, na barua ya pongezi aliyoandikiwa na mkuu wao, ambayo yeye Yordani aliikalia siku nne kabla ya kuifikisha. Hakuwahi kumwambia mtu. Aliona aibu, pale pale mbele yao, na hakuna aliyejua ni kwa nini amekohoa.

"Niliitwa kwa mali ya kijiji iliyoharibiwa," alisema. "Mali ninaiona mezani, nzima. Nitaandika hivyo. Saa tano inakaribia na Korogwe ni mbali. Waraka unataka watu wawili. Nyie hapa mko wawili, mnachukiana, lakini mko wawili."

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, ukumbini Korogwe, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, lambo la Kwamhuza lilichimbwa upya kwenye kitambaa. Mikwaruzo myembamba ya mchanga ilipita juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanakamati mmoja aliuliza ile mistari ni ya nini. Mwaija alisema ilianikwa kwa makosa, kosa ni lake. Tatu, aliyekuwa kiti cha nyuma, aliinua uso.

"Na mtu wa pili?" aliuliza mwenyekiti wa kamati.

Tatu alikwenda mbele. Alipewa kamera, mfuko mweusi na filamu mbichi. Alitia mikono yote miwili, akafumba macho. Karibu mwaka mzima hakuwa amegusa kitu hicho. Mwaija akaanza kuhesabu kwa sauti, bila kuambiwa na mtu: moja, mbili, tatu. Alipofika kumi na nne Tatu alitoa kamera, imefungwa, tayari. Mwenyekiti aliandika kitu kwenye karatasi, akasema kamera irudi na wenyewe.

Walirudi kesho yake kwa basi la kupitia Mkata. Walikaa kiti kimoja kwa kuwa hapakuwa na kingine, mkoba wa kamera katikati yao, na hawakusemezana Korogwe nzima wala Segera. Mkata basi liliposimama, Tatu alifungua mkono wake mbele ya Mwaija.

"Ufunguo wa mkoba," alisema. "Wiki hii zamu yangu."

Mwaija alitazama ule mkono. Wivu ulimchoma vilevile kama mwezi wa tisa, haukupungua hata chembe. Akaufungua ufunguo kwenye ncha ya kanga yake, akampa.