Gari Lenye Macho la Elinaza

Sikilizeni, watu wa Maore, na nyinyi wa milimani mnaoshuka na tangawizi kwenda Same. Hili halikutokea mbali.

Asubuhi za nyumbani kwa Elinaza zilikuwa njema. Koleta, mkewe, alimimina uji. Yeye alipangusa gari la abiria huku akiimba pambio. Katika udereva wake wote hakuwahi kugonga hata kuku. Kisha akapata gari jipya, alilotafutiwa na shemeji yake Vitus, fundi wa mjini Same, mume wa dada yake.

"Shemeji, hili lina macho," Vitus alisema, akigonga kioo cha mbele pale kamera ilipojificha. "Likiona kitu mbele, linashika breki lenyewe. Wewe kaa kama bosi."

Elinaza akaweka boksi tupu uwanjani, akaliendea polepole. Gari likasimama. Akashangilia kama mtoto.

Ndugu zangu, hapo ndipo mguu wake ulipoanza uvivu. Sisi tusiosahau tunayakumbuka malori ya Gonja, utingo akining'inia nyuma na gogo mkononi, tayari kuruka na kuzuia tairi mlimani. Hakuna aliyeiamini breki kiasi cha kulitupa gogo. Elinaza akawa anatafuna mahindi huku anaendesha, anajibu simu, anageuka nyuma kupiga soga.

"Baba Agape, tazama mbele!" Koleta alimwambia siku aliyopanda naye.

"Linatazama lenyewe, Mama Agape. Unalionea wivu?"

Siku moja jiwe lilipasua kioo cha mbele. Vitus akabandika kingine. Tangu hapo, kila gari lilipowashwa, sauti ya kike ilisema maneno ya Kijapani.

"Inasemaje hii?" Elinaza aliuliza.

"Inakuamkia, shemeji. Itikia!"

Ikawa mchezo. Sauti ikisema, abiria wote: "Marahaba!" Mnacheka? Na wao walicheka.

Sasa, kabla ya kufika Maore kuna mahali ng'ombe huvuka kwenda kunywa. Mapatano ya pale ni ya tangu baba zetu: mchungaji anainua fimbo, dereva anasimama. Sendeu, mwenye ng'ombe hao, alikuwa rafiki wa Elinaza. Maziwa yake yalinywewa kwa Koleta. Ndizi za Koleta zililiwa kwa Naishorua, mke wa Sendeu.

Jioni moja Sendeu aliinua fimbo, akaingia barabarani mbele ya mifugo yake. Elinaza alimwona kwa mbali. Simu ikaita. Akainama kuitazama, mguu haukugusa breki. Litasimama, alijiambia.

Halikusimama.

Hospitalini walimkata Sendeu mguu. Elinaza aliingia wodini.

"Rafiki yangu, mbona hukukimbia?"

Sendeu alitazama shuka lililolala bapa pale palipokuwa na mguu.

"Lingekuwa gari la mwingine, ningekimbia," alisema. "Nilijua ni wewe."

Naishorua akasimama, akamfungulia mlango atoke.

Mkaguzi wa magari alipolichunguza gari, alikuta kamera imevunjika, waya wake umekatwa, na taa ya onyo imezibwa kwa soletepu nyeusi. "Hiyo sauti ilikuwa inalalamika kwamba kamera haioni," alisema.

Elinaza akamfuata Vitus gereji.

"Ulijua?"

"Ilinivunjikia nikibandika kioo. Ningekwambia, ungenidai nyingine." Vitus hakuacha hata kukaza nati. "Halafu, shemeji, breki ya mguu niliigusa mimi? Ilikuwa nzima."

Elinaza akatoka gereji. Alikuwa amesalitiwa na shemeji, na yeye amemsaliti rafiki, na breki kweli ilikuwa nzima.

Leo Elinaza hana leseni. Wachungaji wa pale hawamwamini dereva yeyote. Wanaziba barabara kwa miiba mpaka ng'ombe waishe kuvuka. Na Vitus? Bado anauza magari yenye macho, na sisi bado tunampelekea yetu ayatengeneze.

FUNZO

Kifaa cha usalama ni msaidizi wa dereva, si dereva. Kikilalamika kwa lugha usiyoijua, mtafute anayeijua kabla hujaondoka. Fundi anayeficha ubovu ashtakiwe, hata akiwa amemwoa dada yako. Undugu usiwe kichaka cha kufichia damu za watu. Na wewe unayeshika usukani, kumbuka: mtu aliyeko barabarani hakupatana na kamera. Alipatana na wewe.