Nondo wa Kwenye Neti

Haya yalimpata rafiki yangu, mtaalamu wa wadudu katika jumba la makumbusho, na yeye si mtu wa porojo. Asubuhi moja mama mkwe wake alimkabidhi chupa yenye nondo mdogo mwenye pua ndefu.

"Nimemtoa kwenye neti ya mtoto. Hebu mwangalie, mwanangu, asije akawa na sumu."

Alipomweka chini ya lenzi kazini, moyo ulimruka kwa furaha. Nondo huyo alikuwa wa aina ambayo karibu hakuna aliyewahi kuiona ikiwa hai. Akashuka na chupa yake hadi ghala la chini, lisilo na dirisha, amlinganishe na wale waliokaushwa zamani. Akavuta droo. Walikuwa wamechomwa pini safu kwa safu, pua zote zikitazama juu, kama walivyopangwa siku zote.

Mara umeme ukakatika. Gizani akasikia mkwaruzo mwembamba, kama kucha kwenye karatasi. Akaishika chupa akidhani ni nondo wake, lakini chupa ilikuwa kimya. Mkwaruzo ulitoka ndani ya droo.

Taa ziliporudi, wadudu wote wakavu walikuwa wamegeuka kwenye pini zao, pua zimeielekea chupa.

Alipanda ngazi mbio, akapiga simu nyumbani.

"Mama, mtoto hajambo?"

"Amelala. Mbona unahema hivyo? Ila hawa nondo wako wamezidi. Wameijaza neti yote na hawaruki. Wametulia tu, pua zote zimemwelekea mtoto."