Majina ya Majaribio

Mpaka leo sijui nani alijibu ujumbe ule, na Hashimu, rafiki yangu aliyeuona, ameacha kuniuliza.

Walikuwa ofisini kwao, mtaa wa Nkuhungu mjini, yeye na mwenzake Emiliana, wakijaribu mfumo ambao zahanati za vijijini zingeutumia kuomba gari la wagonjwa. Programu yao ilinasa kila ujumbe unaopita kati ya kompyuta mbili, ya kutuma na ya kupokea, ikaonyesha maneno yake na kupiga kengele. Hashimu alijaza majina ya marehemu wa ukoo wake, ili asije akayachanganya na ya wagonjwa walio hai.

"Wewe Mrangi, hata marehemu unawatafutia gari?" Emiliana alimtania kwa kabila lake.

Ulikuwa mchana, lakini mapazia mazito yalizuia jua. Hashimu akatuma jina la bibi yake: Mwantum, kijiji cha Busi, anahitaji gari. Kompyuta ya kupokea ilikuwa bado haijawashwa. Kengele ikalia, na jibu likatokea kwenye kioo cha Hashimu.

"Mwantum alishafika. Anayefuata ni Naima."

Naima ni mdogo wake, mjamzito wa miezi minane, anaishi Busi. Hashimu akampigia.

"Mzima kabisa, kaka. Nasonga ugali. Mbona unahema?"

Yeye na Emiliana wakakubaliana Hashimu akamchukue siku ileile amlete mjini, na Emiliana afute majina yote. Hashimu akakodi gari, akaondoka. Emiliana alibaki peke yake gizani, akafuta jina moja moja, kisha akachomoa waya wa mtandao.

Hashimu alikuwa bado njiani, hajafika Busi, kengele ilipolia tena.

"Gari limeshamchukua Naima."