Aliyesimama Wima Dembeni

Jua lilikuwa linazama tuliposhuka kwenye dembo la Kasungami, mimi na shemeji yangu Stanislas, kwenda kupima pointi za mwisho. Kazi ya kawaida kabisa. Dembo ni bonde la majani lenye maji chini, nasi tulikuwa tunatafuta maji yanapoanzia: unatoboa udongo, ukitoka wa kijivu wenye madoa ya kutu, unapiga kijiti chekundu. Kituo cha maji machafu kilitaka kuongezewa mabwawa. Bila mstari wetu wa vijiti wangeyachimba ndani ya dembo lenyewe, na uchafu wa mji ungeingia kwenye visima vya watu.

Lakini ilikuwa Oktoba ya mwaka wa tisini na moja. Mjini askari walikuwa wanapora maduka, na mhandisi wetu alishakimbilia Zambia na gari la mradi. Mtu mwenye akili angebaki nyumbani. Mimi nina kichwa kigumu. Mvua ilikuwa karibu, ingefuta kila kitu, na kazi ya nusu huniudhi. Dada yangu mkubwa Victorine, mke wa Stanislas, alitusindikiza hadi mlangoni kwake, Makomeno.

"Elisée," aliniambia, "nyumba ya pembeni, bwana alitoka juzi, hayarudia. Weye unirudishie wangu."

"Nitamurudisha, yaya," nilimjibu. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Pembeni mwa dembo tulimkuta Mama Germaine akizing'oa kabichi zake changa kabla wezi hawajazing'oa.

"Munaingia saa hii?" alinong'ona. "Basi musiitane majina mule. Jua ikishaingia, ukiita muntu, ule wa karibu njo anaitika, hapana yeye."

"Wa karibu nani, mama?"

Alifunga kabichi kwenye kitenge akaondoka bila kuaga. Nilicheka. Sisi hatukuwa na haja ya majina. Kwa mbali sauti hupotea, ndiyo maana wapimaji huongea kwa mikono: mkono juu ni simama, mkono pembeni ni sogea huku, mikono miwili ikipishana juu ya kichwa ni tumemaliza, rudi. Nilimtania Stanislas kwamba anatii mikono yangu kuliko mdomo wa mke wake. Akacheka, akaenda na mire yake, ule ubao mrefu wenye namba.

Nikachungulia ndani ya nivo, darubini yetu ya kupimia.

Nivo yetu ilikuwa ya wakati wa Wabelgiji. Ndani yake kila kitu kinapinduka: miti inaning'inia, mtu anasimama kwa kichwa. Ni vioo tu, hakuna uchawi, na jicho huzoea. Nilimwona Stanislas kichwa chini, miguu juu, kama siku zote.

Nyuma yake kulikuwa na mwanamke.

Kichwa juu. Miguu chini.

Nikaondoa jicho. Majani, maji, Stanislas peke yake. Nikarudisha jicho... Alikuwepo, na alikuwa amesogea. Nywele zilikuwa zimelowa, zimemgandia usoni. Vyura wakanyamaza wote kwa pamoja. Kisha ikaja harufu. Si ya mabwawa ya kinyesi, hiyo naijua. Ilikuwa ya udongo wa chini kabisa, ule wa kijivu, unapokutana na hewa mara ya kwanza.

Nikapishanisha mikono juu ya kichwa. Rudi! Rudi!

Stanislas hakuwa ananitazama. Alikuwa amenipa mgongo. Ndani ya kioo, yule mwanamke akanyoosha mkono wake pembeni.

Sogea huku.

Zilikuwa ishara zetu. Wiki zote zile tukipima, kumbe kulikuwa na mtu anajifunza.

Stanislas akasogea. Maji magotini. Akasogea tena... kiunoni. Nilikimbia, tope likanivua buti. Nikapiga mluzi, nikapiga makofi, nikapiga kelele tupu isiyo na neno. Hakugeuka. Maji yalimfika kifuani, na mire ilikuwa inaelea peke yake. Nyinyi mnaosoma mmekaa pakavu, niambieni: mngefanyaje?

"Stanislas!"

Sauti ikaitika kutoka majini.

"Nakuya."

Alitoka majini upande wangu, taratibu. Sauti yake, mwendo wake, kovu lake la kidevuni. Nilimkumbatia nikalia kwa furaha bila aibu. Alikuwa wa baridi, ni kweli, lakini nani angetoka mle na joto? Njia nzima hadi Makomeno alisema mara moja tu.

"Uliniita," alinong'ona. "Ni muzuri uliniita."

Kulipokucha niliisimamisha nivo uani kwa dada, nikijidanganya kwamba naikagua kama haijaharibika. Ukuta ukapinduka. Kamba ya nguo ikapinduka. Dada yangu akapinduka na sufuria yake mkononi. Stanislas alikuwa amesimama mlangoni.

Wima.

Akanitazama moja kwa moja ndani ya kioo, akainua mkono. Simama.

Nilimvuta Victorine jikoni nikamweleza yote. Nilimwomba achukue nguo tu, twende kwa wazazi Kabalo siku hiyohiyo. Alisikiliza huku anasonga bukari, ugali wa kwetu.

"Nilimusikia usiku," alisema. "Anapumua sawa maji inapita mu bomba."

"Basi unajua, yaya. Ule hapana Stanislas."

"Na Stanislas iko wapi? Utamuleta?"

Akagonga mwiko ukingoni mwa sufuria.

"Nyumba ya pembeni, bwana hayarudia. Kwa Mama Chola, hayarudia. Wangu alirudia, Elisée. Usiniambie tena ile maneno."

Akapakua bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akabeba sahani, jagi na beseni hadi alipokuwa yule mtu, sasa ameketi kwenye kiti kizingitini. Nilibaki kwenye mlango wa jikoni, naogopa kusogea na naogopa kuondoka. Dada yangu akapiga goti kama afanyavyo kila siku, akamnawisha. Alimimina maji juu ya mikono ile, beseni likiwa chini yake, mpaka jagi likaisha.

Beseni lilibaki kavu.

Victorine alilitazama. Kisha akainuka, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akaenda kujaza jagi tena.